Konokono wa bwawani na mferejini: dalili unazoziona, chanzo chake na pa kuanzia

Maswali ninayoletewa na wafugaji wa samaki na wakulima wa mpunga huku kanda ya ziwa hayatofautiani sana. "Bwawa limejaa konokono, nimwage nini?" Karibu kila mara mtu anaanza na sumu. Mimi pia nilianza hivyo. Bwawa langu la kwanza nililimwagia mrututu. Konokono walikufa, sato wakaelea matumbo juu, na baada ya miezi miwili konokono walikuwa wengi kuliko mwanzo. Sato hawakurudi wenyewe. Nilinunua vifaranga upya.

Tangu hapo, mtu akiniuliza amwage nini, nami namuuliza: ni konokono gani, na maji yako yamebadilika nini? Konokono haongezeki bila sababu, na sababu hiyo mara nyingi unaweza kuiona ukiwa umesimama ukingoni. Kwa hiyo nimepanga maelezo haya kwa dalili, chanzo kinachotokea zaidi kikitangulia, ukaguzi usio na gharama kabla ya kazi nzito. Palipoandikwa SIMAMA, simama kweli.

KWANZA MTAMBUE

Vaa gambuti na glavu za mpira. Funga chujio la chuma la jikoni kwenye mti mrefu, pitisha chini ya majani ya ukingoni, kisha mwaga ulichopata kwenye beseni jeupe lenye maji kidogo.

Aliye bapa, aliyejiviringisha kama ngata ndogo ya kubebea ndoo, ni Biomphalaria. Ndiye anayelea vimelea vya kichocho cha tumbo. Mwili wake una wekundu kwa sababu damu yake ina himoglobini kama yetu, na hiyo humsaidia kuishi kwenye maji yenye hewa kidogo.

Mwenye ncha mshike ncha ikiwa juu na mdomo wa gamba ukikutazama. Mdomo ukiwa upande wako wa kushoto, na hana kifuniko, huenda ni Bulinus, mlezi wa kichocho cha kibofu. Unguja na Pemba anayejulikana kwa kazi hiyo ni Bulinus globosus. Yupo mgeni kutoka Amerika anayefanana naye, Physa, gamba linang'aa na ncha ni kali zaidi. Huyo habebi kichocho cha binadamu, lakini kuwatenganisha kwa macho ni kazi ya mtu aliyezoea. Ukiwa na shaka, mchukulie kuwa ni Bulinus.

Mdomo ukiwa kulia, mpana, gamba jepesi na pembe fupi za pembetatu, huyo ni wa jamii ya Lymnaea. Anawahusu ng'ombe wako, nitamrudia.

Wenye kifuniko kigumu wanachofungia mlango wanapoguswa ni kundi jingine: Melanoides mwembamba mrefu kama skrubu, Bellamya, na wale wakubwa wa mviringo, Pila na Lanistes. Katika Afrika hakuna konokono mwenye kifuniko anayelea kichocho cha binadamu. Kwa hiyo jaribio la kwanza kabisa ni hilo: mguse na kijiti, uone kama anafunga mlango.

Kumwona Biomphalaria au Bulinus si uthibitisho kwamba maji yana kichocho. Hata mahali penye ugonjwa mwingi, wenye vimelea huwa sehemu ndogo tu ya konokono wote. Ila huwezi kuwatambua kwa macho, kwa hiyo glavu hazivuliwi.

DALILI: WAMEONGEZEKA GHAFLA

Chanzo cha kwanza ni chakula. Konokono hawa hula utando wa mwani na majani yanayooza. Ukizidisha samadi bwawani, au pumba ikibaki chini bila kuliwa, umewalisha wao. Angalia saa moja baada ya kulisha samaki: pumba ikiwa bado imelala chini, punguza. Ingiza mkono wenye glavu hadi kwenye kiwiko. Vidole visipoonekana kabisa kwa ukijani, sitisha samadi hadi maji yapate nuru.

Kwenye mpunga jambo hili lina upande wa pili ambao wengi hawaujui. Mbolea inayotiririka kutoka jarubani hukuza mwani, na viuatilifu vinavyotiririka nayo huua wadudu wa maji, mabuu ya kereng'ende na kamba wadogo, yaani walaji wa konokono. Konokono mwenyewe huvumilia sumu nyingi za wadudu. Unapulizia kuua wadudu, mferejini unaacha konokono bila adui.

Chanzo cha pili ni majani ya ndani ya maji. Ndiyo nyumba yao, meza yao na kitanda cha mayai yao. Kaskazini mwa Senegal watafiti na wanavijiji waliondoa majani hayo kwenye sehemu za kuogea na kuchotea maji, na maambukizi ya kichocho kwa watoto yakapungua. Majani waliyoyatoa yaligeuzwa mboji na chakula cha mifugo. Naipenda kazi hiyo kwa sababu haikuhitaji kumwaga kitu chochote majini. Ukifanya hivyo kwako, anayetoa majani avae gambuti ndefu na glavu, na majani yarushwe mbali na ukingo yakauke kabisa juani. Konokono waliomo hutembea kurudi.

Cha tatu ni mwendo wa maji. Maji yakikimbia zaidi ya sentimita 30 hivi kwa sekunde, konokono hawa hushindwa kushikilia. Pima mita 3 za mfereji, dondosha jani kavu, hesabu. Likimaliza chini ya sekunde 10, mwendo ni mzuri. Likichukua nusu dakika, mfereji umejaa tope au umekosa mteremko: zibua, nyoosha kingo, ziba vidimbwi vya pembeni ambako maji yamelala.

Cha nne, walaji wao wametoweka. Bwawa la Diama kwenye mto Senegal lilipokamilika mwaka 1986, kamba wakubwa wa mtoni, ambao huhitaji kushuka kwenye maji ya chumvi kuzaliana, walifungiwa njia. Konokono wakastawi kwenye maji yaliyotulia, na baada ya miaka michache mji wa Richard-Toll ukawa na mlipuko mkubwa wa kichocho cha tumbo. Hapa kwetu wapo furu, samaki wanaokula konokono. Mmoja, Astatoreochromis alluaudi, ana taya kooni lenye meno mapana ya kusagia magamba, naye aliwahi kujaribiwa kwenye malambo. Tatizo ni kwamba akikulia kwenye chakula laini taya hilo halikomai, na magamba yanamshinda. Kamongo huwavunja vizuri mno, lakini humo humo atakula na sato wako.

SIMAMA kabla ya kuleta mlaji mgeni. Kamba mwekundu wa Louisiana alipelekwa Ziwa Naivasha mwaka 1970. Ni kweli anakula konokono. Anakula pia mimea ya maji, anachana nyavu na kutoboa kingo. Ukimtia bwawani, mvua kubwa ya kwanza itampeleka mtoni.

Mwisho, huenda umewaleta mwenyewe pamoja na vifaranga au nyavu za kuazima. Vifaranga wapya wawekwe kwanza kwenye tanki pembeni, na nyavu zikaushwe juani siku mbili tatu.

DALILI: ULIWAUA, WAMERUDI

Hapa ndipo pesa za watu wengi zinapotea.

Mara nyingi kilichobaki ni mayai. Biomphalaria na Bulinus hutaga kwenye vipande bapa vya ute unaopitisha mwanga, vimegandishwa chini ya majani, mawe, hata kwenye mifuko ya plastiki. Kipande kimoja kinaweza kuwa na mayai kadhaa au makumi. Kwenye maji yetu ya joto huanguliwa baada ya wiki moja hivi, na mtoto huanza kutaga naye akiwa na umri wa wiki 4 hadi 8. Hesabu mwenyewe, ile miezi miwili niliyoisema mwanzoni imo humo. Ukaguzi: pindua majani 20 yaliyo chini ya maji na uyatazame dhidi ya mwanga. Ukikuta ute wenye vidoadoa, kazi haijaisha hata kama huoni konokono hata mmoja.

Kisha tope. Lambo likikauka, Bulinus hujichimbia, huziba mdomo kwa ute na kulala kiangazi chote. Mvua ikinyesha anaamka. Watu huniambia "konokono hawa wameletwa na mvua", na mimi huwaambia walikuwa chini ya miguu yao tangu Juni.

Jambo la tatu ni uzazi wao. Kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja, na akikosa mwenzi hujitungisha mwenyewe. Mmoja tu aliyebaki anatosha kujaza bwawa. Melanoides naye karibu wote ni majike, wanazaa bila dume, na hawatagi: wanazaa watoto wenye magamba tayari.

Na huenda wanatoka juu. Kama jirani wa juu ana mfereji uliojaa, kusafisha wako peke yako ni kuchota maji kwa pakacha. Ongeeni, msafishe siku moja.

Kazi yenyewe: vua samaki, toa maji yote, acha sakafu ikauke hadi ipasuke, kwangua tope la juu pamoja na majani yote uyatoe nje, kisha mwaga chokaa kwenye sehemu zinazobaki na unyevu. Chokaa ya moto inaunguza ngozi na macho: vaa miwani, glavu na barakoa, mwaga upepo ukiwa mgongoni kwako. Jaza maji, subiri wiki mbili kabla ya vifaranga. Kwenye mlango wa kuingizia maji weka kichujio cha kokoto na mchanga. Wavu peke yake hauzuii konokono aliyeanguliwa jana, ana milimita moja tu.

SIMAMA kabla ya sumu yoyote. Niklosamidi, dawa inayotumika kwenye mipango ya kudhibiti kichocho, inaua samaki pia, na kipimo chake hutegemea ujazo wa maji uliopimwa. Hiyo ni kazi ya timu ya afya, si ya mfugaji mwenye kopo. Mrututu hubaki kwenye tope miaka mingi. Na mimea ya asili nayo ni sumu. Mwaka 1964, huko Adwa nchini Ethiopia, mwanasayansi Aklilu Lemma aliona konokono wengi wamekufa chini kidogo ya mahali wanawake walipokuwa wakifua kwa matunda ya endod badala ya sabuni. Ulikuwa ugunduzi mkubwa wa Mwafrika kwenye mto wa kwao, na mmea huo unaota hata huku Afrika Mashariki. Lakini maji yake yanaua samaki vilevile. Usiponde mimea na kumwaga kwenye maji ambayo watu na mifugo wanakunywa.

DALILI: MAGAMBA MEUPE, YAMELIKA NCHANI

Maji yako hayana chokaa ya kutosha. Gamba ni kalsiamu, na maji yenye uchachu huliyeyusha kuanzia nchani, sehemu kongwe. Pima pH kwa karatasi za kupimia. Ikiwa chini ya 6.5, sato nao hawakui vizuri. Tumia chokaa ya kilimo kidogo kidogo huku ukipima. Ujue pia kwamba konokono watafurahia chokaa hiyo, kwa hiyo ondoa majani kwanza.

DALILI: WOTE WAMEPANDA JUU AU WANATOKA MAJINI

Biomphalaria, Bulinus na Lymnaea hupumua hewa ya nje, kuwaona juu ni kawaida. Watazame wenye mashavu ya kupumulia majini. Melanoides hushinda mchangani mchana. Ukimkuta amejipanga ukingoni alfajiri, na Bellamya yuko naye, oksijeni imekwisha usiku. Nenda bwawani saa kumi na moja na nusu asubuhi. Samaki wakiwa wanahema juu, ingiza maji mapya, acha kulisha siku hiyo, sitisha samadi.

Ikitokea mchana, ghafla, na kamba na samaki wanakufa pamoja, fikiria sumu kutoka shambani. SIMAMA: funga banio, usile wala kuuza samaki hao, zuia mifugo, jaza chupa safi kwa maji hayo na umwite afisa uvuvi au wa mazingira.

DALILI: SAMAKI WANA VIDUDU VYA NJANO, AU MACHO YA UKUNGU

Vidudu vya njano chini ya ngozi au kwenye mashavu mara nyingi ni Clinostomum. Ukungu ndani ya jicho huweza kuwa mnyoo mwingine, Diplostomum. Mzunguko ni ule ule: ndege mla samaki, konokono, samaki, kisha ndege tena. Hakuna dawa ya kumwaga inayoutoa ndani ya samaki. Kata mzunguko: punguza konokono, tandaza nyuzi au wavu juu ya bwawa, fyeka vituo vya korongo ukingoni. Samaki mwenye vidudu hivyo apikwe aive kabisa; asiliwe nusu mbichi.

DALILI: NG'OMBE ANAKONDA, AMEVIMBA CHINI YA TAYA

Akinywa na kula majani ya kingo zenye Lymnaea, shuku minyoo bapa ya ini. Vimelea hutoka kwa konokono na kujibandika kwenye majani. Zungushia uzio sehemu ya majimaji, wape maji kwenye hori. Uvimbe chini ya taya ukionekana, SIMAMA na mwite daktari wa mifugo, kwa sababu si kila dawa ya minyoo inafika kwenye ini.

DALILI: VISHADA VYA MAYAI YA WARIDI JUU YA MAJI

Vikiwa kwenye mashina ya mpunga au kuta za mfereji, rangi ya waridi iliyokolea, huyo si Pila wetu. Ni Pomacea kutoka Amerika Kusini, ambaye mwaka 2020 aligunduliwa kwenye skimu ya Mwea nchini Kenya, na anakula miche ya mpunga. Usiguse mayai kwa mkono mtupu, yana sumu. Piga picha, usisafirishe konokono hai, toa taarifa haraka kwa mamlaka ya afya ya mimea: KEPHIS kwa Kenya, TPHPA kwa Tanzania.

DALILI: NGOZI INAWASHA BAADA YA KUTOKA MAJINI, AU MKOJO UNA DAMU

Nimeiweka mwisho ili niizungumze bila haraka.

Muwasho wenye vipele ndani ya saa au siku chache unaweza kuwa wa vimelea waliopenya ngozi. Wengine ni wa ndege, hufia kwenye ngozi na kuisha. Wengine ni wa kichocho cha binadamu. Kwa ngozi pekee huwezi kujua, na wengi huambukizwa bila kuwashwa hata kidogo.

Njia yao ni hii. Mkojo au kinyesi chenye mayai kinaingia majini. Yai linaanguliwa, kimelea kinachotoka kina saa chache tu za kumpata konokono anayemfaa. Akimpata, baada ya wiki 4 hadi 6 konokono yule anaanza kutoa vimelea vyenye mkia, mamia kwa siku, wakati mwingine maelfu. Hutoka kukiwa na mwanga, hasa katikati ya mchana, saa zile zile watoto wanapotoka shule na kujitupa lamboni. Wanapenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa dakika chache. Wasipopata mtu hufa ndani ya siku mbili hivi. Ndiyo maana maji ya kuoga yakichotwa bila konokono na kukaa saa 48 kwenye chombo kilichofunikwa, hatari hiyo hupungua sana. Ya kunywa yachemshwe.

Damu mwishoni mwa mkojo ni alama ya kichocho cha kibofu. Damu kwenye choo, tumbo kuuma na baadaye kuvimba ni njia ya kichocho cha tumbo. Homa na kikohozi wiki kadhaa baada ya kuingia maji mapya huweza kuwa mwanzo wake. Kwa wanawake na wasichana, kichocho cha kibofu huweza kuathiri sehemu za siri, kuleta maumivu na damu, na wakadhaniwa wana ugonjwa wa zinaa. Dada, ukiulizwa hospitali, taja lambo uliloogea utotoni. Mhudumu asipouliza, mwambie.

SIMAMA hapa, usitafute dawa dukani kwa kukisia. Vipimo vya mkojo na choo vipo, na prazikwanteli, dawa ya kichocho, hutolewa kwa uzito au kimo cha mtu. Haiui vizuri minyoo michanga, kwa hiyo huenda utaambiwa urudi. Wala haikingi: ukirudi kwenye maji yale yale, unaambukizwa upya.

Mama mmoja jirani alinijia jioni. "Shikamoo baba. Mwanangu anakojoa damu, bibi yake anasema amekua, ndiyo kubalehe." Nikamwambia, mama, kubalehe hakuna damu kwenye mkojo, mpeleke kesho asubuhi. Alipimwa, alikuwa nacho, akapewa dawa. Kesho yake nilichukua chujio nikaenda lamboni. Bulinus walikuwa upande mmoja tu, chini ya magugu, hatua kumi kutoka kwenye mwembe ambao watoto walikuwa wakijisaidia nyuma yake. Tulitoa magugu, tukachimba choo upande wa shule, na akina mama wakajengewa jukwaa la kufulia lenye maji ya kuchota ili wasisimame ndani. Kila mwezi napitisha chujio mahali pale pale mara 10 na kuandika idadi kwenye daftari. Mwezi uliopita walikuwa wanne.